Gego Nililolipata Kilioni

Jicho langu la kushoto lipo. Watu wakisikia habari zangu hudhani nina tundu pale, au kipande cha kioo. Hapana, bwana. Ni jicho zuri, jeusi, linapepesa, linatoa machozi nikikata kitunguu, hata wanaume wamelisifu. Kazi tu ndiyo halifanyi. Linaniletea mwanga na vivuli, mengine yote limemwachia mwenzake wa kulia, kama shemeji anayekaa kwenu miaka bila kununua hata chumvi.

Mtu wa jicho moja haoni kina. Anaona birika, anaona kikombe, lakini kipi kiko mbele ya kipi, hapo ni kubahatisha. Nilipokuwa na miaka saba, padri alikuja kubariki nyumba yetu. Sisi ni watu wa kanisa, mababu zetu walishuka kutoka kaskazini ya Katanga pamoja na reli, na padri akiingia kwetu hata kuku hukaa na adabu. Nikapewa heshima ya kummiminia chai. Nilimimina vizuri sana, taratibu, bila hata tone kuruka, pembeni ya kikombe, juu ya suruali yake. Padri alijikaza akasema haidhuru. Baba akasema: "Huyu mutoto iko na mikono ya haraka," na tangu siku ile nikakatazwa birika.

Hakuna aliyefikiria jicho. Nilikuwa na miaka kumi siku mchanga uliponiingia jicho la kulia. Muuguzi wa zahanati akalifunga bandeji, mimi nikasimama, nikamwambia aksanti, nikatembea moja kwa moja hadi ukutani. Pwaa! Akanirudisha kitini. Akainua vidole akaniuliza ni vingapi, nikamwuliza vidole viko wapi. Ndivyo mama alivyopata habari. Muuguzi alisema tumechelewa, miwani haitasaidia kitu. Mama alinishika mkono njia nzima, halafu tulipofika mlangoni akaninong'oneza: "Ile maneno usiambie bantu. Nani atakuoa?" Nilikuwa mtoto mtiifu, nikaficha.

Kwenye meno nilipelekwa na ubishi. Nilipomaliza sekondari, mjomba wangu alikuja kwetu kula bukari, ndio ugali wetu, akanikuta nahangaika kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Hakujua habari za jicho. Alicheka mpaka sombe la majani ya muhogo likamtoka mdomoni. "Weye, utafanya kazi gani? Uolewe tu." Nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa sirudi nyuma. Nikajiuliza: ni kazi gani duniani yenye tundu dogo, lenye giza, lenye maji, na ndani yake ulimi unaokusukuma? Wiki hiyo hiyo nikaenda kujiandikisha kusomea meno.

Walitaka cheti cha afya. Muuguzi wa kupima macho, mjini kati, alikuwa anamenya karanga. "Funika jicho ya kushoto, soma." Nikafunika la kushoto kwa mkono wa kushoto, nikasoma herufi zote. "Funika ya kuume." Nikashusha mkono wa kushoto, nikainua wa kulia, nikafunika lile lile la kushoto. Nikasoma tena, safari hii na moja nikaikosea makusudi ili asishuku. Yeye aliangalia mkono umebadilika, akaridhika, akapiga muhuri na kurudi kwenye karanga zake.

Basi miaka ya fakulte, chuo cha meno, ikaanza, na hapa kuna jambo ambalo hadi leo linanichekesha peke yangu njiani: kila hila niliyobuni ili kuficha jicho, wakubwa waliiita ufundi.

Kwa mfano, sikuweza kurudisha kifuniko cha sindano. Wenzangu walishika sindano huku na kifuniko huku, wakavikutanisha hewani, na mara moja moja walijichoma na kuita mama zao. Mimi ningejichoma kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nilikilaza kifuniko kwenye sinia, nikakichota kwa ncha ya sindano, mkono mmoja tu, polepole mpaka nisikie kimeingia. Mkuu wa kliniki akaniona. Tulimwita Shefu: mtu mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi kwenye mifuko, kicheko chake hakuna aliyewahi kukisikia. Akasimamisha kazi ya darasa zima. "Mumuangalie huyu. Njo namna bantu ba akili banafanya." Nikainamisha macho kwa unyenyekevu, yote mawili.

Pia sikuweza kupokea kitu hewani. Nikampa msaidizi wangu amri: usininyooshee koleo, lipige ndani ya kiganja changu nisikie chuma. Shefu akadhani nimejifunza hiyo kwa wapasuaji wakubwa wa Ulaya. Na wagonjwa! Kabla ya kuingiza chombo chochote nilianza na kidole. Nagusa shavu, nashuka mdomoni, natambaa juu ya meno, mpaka kidole cha mwisho kiegemee jino la jirani na koleo lifuate njia ile ile. Kusema kweli nilikuwa natafuta uso uko wapi. Wao wakitoka nje waliambiana: "Ule mudogo iko na roho muzuri, anapapasaka muntu kwanza." Foleni yangu ikawa ndefu kuliko za wenzangu wote. Mara moja tu bomba la kunyonya mate lilimwingia puani mwalimu mmoja mstaafu. Nikamwambia siku hizi ndiyo njia mpya, tunaanza na pua. Akakubali, masikini, akanishukuru.

Nilijidai, niseme wazi. Lakini chini ya majivuno kulikuwa na hofu moja: Shefu akijua, ataniondoa. Zamani ningesema shauri yake, nitafute kazi nyingine ya kumwudhi mjomba. Sasa haikuwa hivyo tena. Niliipenda ile kazi. Mtu anaingia ameshika shavu, haongei, anachukia hata jua. Baada ya nusu saa anatoka analigusa shavu lake kama si lake. Hilo sikutaka kunyang'anywa.

Mwaka wa mwisho ulikuwa na mtihani wa kung'oa, na kila mwanafunzi alipaswa kuleta mgonjwa wake mwenyewe. Si mgonjwa yeyote. Walitaka gego la chini, limeoza juu, mizizi bado imeshika. Basi mji mzima ukawa pori la kuwinda. Mwenzangu mmoja alimpata mpishi wa jirani yao huko mtaa wa Golf akamlinda asije akaibiwa. Mwingine alikaa sokoni akiwachekesha mama wa mboga ili wacheke vizuri. Mimi nilijaribu kanisani, lakini waimbaji hufunika midomo kwa vitabu vyao.

Halafu akafa mzee mmoja wa mtaa wetu, nikaenda kilioni. Nilikwenda kwa heshima, sikuwa na nia mbaya. Lakini mwanamke wa kwetu akilia msiba halii kwa kuficha. Anarusha kichwa nyuma, anafungua kinywa chote, anaita majina ya wafu wote wa ukoo, na jua la saa tisa linaingia mpaka kooni. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Mungu anisamehe, machozi yalinikauka. Nilikuwa nimezungukwa na magego.

Mama mmoja mnene, aliyetoka Kipushi, kule mpakani, kumzika mzee yule, ndiye aliyekuwa na langu. Chini, upande wa kulia, la kwanza. Limetoboka katikati, kuta zimesimama. Nikasogea. Nikamkumbatia mabega nikalia naye, na kila alipopiga "Uuuwi!" nami nilichungulia. Nililia naye mara tatu ili nihakikishe mizizi haitikisiki. Ilipoletwa bukari nikamwona anatafuna upande mmoja tu, nikajua bwana, ni huyu.

"Mama, pole kwa kilio," nikamwambia. "Na pole ya jino."

Akaacha kutafuna. "Nani alikuambia niko na jino?"

"Ni weye mwenyewe, mama. Wakati ulikuwa unalia."

Alinitazama, akatazama jeneza, akajaribu kujizuia. Hakuweza. Kicheko kilimtoka kikubwa kuliko kilio chake, watu wakageuka. Bahati nzuri kilio cha kwetu hakikosi watani, wale wa ukoo wa pili wenye ruhusa ya kumtania hata maiti, na wao walidhani tumewaingilia kazi yao, wakapokea kwa kelele. Mama akajifuta machozi. Akaniambia lile jino linamtesa tangu Pasaka, anavuka mpaka kwenda Zambia kununua bidhaa na shavu amelifunga kwa kitambaa. Akaniuliza kama najua kung'oa. Nikasema najua. Hakuniuliza habari ya macho. Nani huuliza? Nami sikusema.

Siku ya mtihani alikuja na teksi ya asubuhi, amevaa kitenge kipya kama anayekwenda harusini. Pembeni ya kiti walisimama Shefu na wakaguzi wawili kutoka nje. Nilimpapasa shavu, nikatafuta njia yangu, nikampiga sindano ya ganzi. Nikachota kifuniko changu, Shefu akawatazama wageni kwa fahari. Tukangoja. Mdomo wa mama ukalala upande mmoja, akaanza kuongea kama mlevi, akanyamaza mwenyewe kwa aibu.

Hapo mkaguzi mmoja akataka kuwa mwema. Akamsogeza msaidizi wangu, akachukua koleo, akaninyooshea. Hewani.

Nikapeleka mkono, nikashika hewa. Nikacheka kidogo, nikapeleka tena, nikashika hewa. Mara ya tatu nikamkamata mkaguzi mwenyewe kifundo cha mkono.

Shefu akatoa kalamu mbili mfukoni, akazisimamisha mbele yangu. "Gani iko karibu na weye?"

"Ya kushoto, Shefu."

"Hapana." Akanyoosha kiganja chake, akanifunika jicho la kulia. "Na sasa unaona nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na miaka ya mazoezi. Lakini kiganja chake kilikuwa na joto na mimi nilichoka ghafla. "Mwangaza tu, Shefu."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na cheti ya afya ulipita namna gani?" Nikamweleza, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Mkaguzi wa pili alikohoa, na kile kikohozi kilikuwa kicheko, nilikisikia. Shefu hakukohoa. Alimgeukia mama wa Kipushi. "Mama, huyu mutoto anaonaka na jicho moja. Hakukuambia. Uko na haki ya kusimama, na jino yako nitaitosha, nitaing'oa mi mwenyewe, sasa hivi. Ama anaendelea, na mi nasimama hapa karibu yake. Unasema nini?"

Mama hakuweza kusema. Nusu ya mdomo wake nilikuwa nimeilaza mimi. Akanitazama, jicho moja, halafu lingine, kutafuta lipi linamwona. Nilitamani ardhi inimeze. Sijawahi kuona aibu kama ile, si kwa padri, si kwa mjomba. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya dokta yeyote: "Ni kweli, mama. Hii ya kushoto haionaka. Unisamehe."

Akapumua kwa pua. Kisha akanishika mkono wangu wenye glavu, akachagua kidole cha mwisho mwenyewe, akakiingiza kinywani mwake na kukiweka juu ya lile gego.

Nikafanya kazi. Shefu alisimama karibu hadi nikasikia anavyopumua. Koleo lilishuka kando ya kidole changu, likapita ufizi, likakutana na mzizi, na pale nilijua niliko kuliko ninavyojua chumba changu. Nikalitikisa nje, ndani, nje, bila haraka. Likatoka zima, mizizi yote miwili.

Shefu akalichukua, akaligeuza kwenye taa, akalikagua mzizi kwa mzizi. Akatazama shimo, akampa mama pamba aiume. Kisha akanigeukia: "Jino limepita. Weye, hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Unalalisha muntu pa kiti, unamupiga sindano, na haumuambie ni nani anamushikia koleo. Utarudia mwaka. Utaendelea na bagonjwa, lakini kila moja utamuambia kabla ya sindano. Kama wanakubali, utatosha meno. Kama hawakubali, utakaa."

Nilimtukana moyoni kwa Kiluba, maana matusi ya Kiluba yanashibisha. Nilimtukana njia nzima mpaka nyumbani, nikamtukana nikila, nikamtukana nikifua. Na katikati ya kufua nikakuta siendelei, kwa sababu alikuwa na haki. Hilo ndilo liliniudhi kuliko yote. Angenionea ningefurahi zaidi.

Mwaka ule wa pili ulikuwa mchungu. Foleni yangu ndefu iliyeyuka ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nasema: "Mama, papa, mbele ya kuanza, niko naona na jicho moja," na wao wakakumbuka kwamba walikuwa na safari. Bwana mmoja alisimama na kitambaa cha kliniki shingoni, akaondoka nacho, hatukukiona tena. Waliobaki ni wale ambao maumivu yamewashika hadi wangekubali hata fundi wa baiskeli. Niliwang'oa vizuri, wakaondoka, wakaja wengine wawili watatu. Mama yangu alilia nilipomwambia kwamba sasa mji mzima unajua. Nikamwambia, mama, mwenye kunioa ataniona na macho yake mawili, atosheke.

Lakini mgonjwa wa mtihani sikupata. Gego la aina ile, kwa mtu asiye katika moto wa maumivu, mwenye muda wa kufikiri na kusikia habari ya jicho: hapana, kila mmoja alifikiri, akakataa. Nilifikiria kunyamaza. Ndiyo, nilifikiria, mara nyingi tu. Asubuhi ya mtihani nilikaa kwenye benchi ya nje ya kliniki nikiwa na koti safi na kiti changu ndani kitupu. Shefu alipita akauliza yuko wapi mgonjwa. Nikasema hayuko. Asiye na mgonjwa hafanyi mtihani, na anayeanguka mara ya pili harudi tena. Akatazama saa yake. "Nusu saa," akasema, akaingia.

Teksi ya Kipushi ilisimama mbele ya geti. Alishuka kwanza yule mama, kitenge kingine kipya, halafu akainama ndani ya gari akamvuta mtu kwa mkono wa shati. Ni mumewe, mzee mwembamba, shavu moja limevimba kidogo, uso wa mtu aliyekuwa anabishana tangu kwao.

"Nilisikia ule mukubwa alikuangusha juu yangu, na soko yote banasema hauna mugonjwa wa leo," mama akaniambia, bila hata salamu. "Yangu ilikuwa moja tu, siko na ingine. Lakini huyu iko nayo, anaificha tangu Krismasi. Angalia kama inafaa."

Nilimfungua mzee kinywa palepale kwenye benchi. Gego la chini, limeoza juu, mizizi imeshika. Lilifaa, mpaka nikaogopa. Nikamwingiza ndani, nikamkalisha, nikamfunga kitambaa. Shefu alikuja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, anangoja nitakachosema kabla ya sindano.

"Papa," nikaanza, nikasogea anione uso. "Papa, jicho yangu ya kushoto haionaka. Nafanya kazi na moja, na kidole. Ukitaka kusimama, simama, hakuna mwenye atakukasirikia."

Mzee alimtazama Shefu. Alinitazama mimi. Mwisho alitazama mlango, na mlangoni mkewe alikuwa ameshavuta kiti akakaa, magoti wazi, mkoba juu ya mapaja, kitako kimejaa njia yote.

"Nisimame niende wapi?" akasema, akafungua kinywa.

Niliinua mkono, na mkono ukasita njiani. Miaka yote ile ya kudanganya haukusita hata siku moja. Ilibidi nimwombe mzee anisubiri kidogo, naye akafumba macho, kinywa kikiwa bado wazi, akanisubiri.